Boriti Zilizopinda

Naif, Dubai, Jumatano, Novemba 2006

Eti nimeziharibu. Miye, ambaye Unguja nzima hakuna mlango wangu uliowahi kusugua sakafu.

Boriti zile nililetewa zimepinda kama mgongo wa ngamia. Nikazipiga randa wiki nzima mpaka zikanyooka. Leo mzungu mwenye mgahawa wa Garhoud kaja kuziona, akashika kichwa. Akanionyesha tena picha ya nyumba ya kale ya kwao Uingereza: boriti nyeusi, chokaa nyeupe katikati, ghorofa ya juu imetokeza mbele kama tumbo. Kweli imepinda yote. Miye nilidhani fundi wake alikuwa mlevi.

Juma, fundi mwenzangu wa Mombasa, kacheka mpaka kakaa chini. "Mzee Haji, hawa wataka nyumba iliyochoka."

"Basi wangenisimamisha miye mlangoni, wanitazame."

Na kule kwao boriti ndizo zinazobeba nyumba. Hapa ukuta ni saruji, mbao tunazibandika tu juu yake, kama wanja.

Arbab, tajiri aliyeniajiri, kasema Jumamosi azikute zimepinda, au khalas, nikapigilie makasha ya mizigo Jebel Ali. Viza yangu iko mkononi mwake. Naogopa, sijidanganyi. Mgongo huu hauwezi tena makasha.

Kesho nachukua tezo, nazichonga zipinde kama wanavyotaka. Lakini mtu akija kula pale akauliza fundi ni nani, waseme Juma.