Kadi ya Maji

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumai goti limepoa na unalala vizuri, maana huku usingizi umenihama. Baba watoto hajambo, na mjukuu wako Bibie hajambo kabisa. Ndiyo maana naandika.

Umesikia kwamba nimempeleka mwanangu kwa watu wa chuo wamfanyie majaribio, ukaniambia kwenye simu kuwa mtoto si gari la kujifunzia udereva. Sawa, Mama. Sasa nisikilize na mimi.

Mtafiti wao ni dada mpole. Mwanzoni alikuja kwetu, akakaa mlangoni mwa jikoni akiandika tu kila Bibie alipojiuma mkono, asisaidie chochote. Niliumia. Akanieleza kuwa lazima ajue hali ilivyo kabla hajaigusa, kwa sababu Bibie hatalinganishwa na mtoto wa mtu, atalinganishwa na yeye mwenyewe. Hapo nikampenda, maana tangu azaliwe huyu mtoto anapimwa kwa watoto wa shangazi zake.

Kisha ikaja kadi yenye picha ya kikombe. Bibie akikupa kadi, unampa maji papo hapo. Mama, mwanangu asiye na neno hata moja akaanza kuomba badala ya kujiuma. Kidonda cha mkononi kikakauka.

Kilipokauka tu, mtafiti akasema kadi iondolewe wiki nzima. Akirudi kujiuma, tutajua kadi ndiyo iliyomsaidia. Asiporudi, huenda alikuwa anakua tu. Baba watoto akasema wiki moja si kitu. Nikamjibu kuwa kwa anayeshinda kazini, kweli si kitu. Halafu nikanyamaza, wakadhani nimekubali.

Sikukubali. Nilikata boksi la biskuti, nikachora kikombe kibaya kama sufuria lililopondeka, nikakificha ndani ya blauzi. Mtafiti akitoka, natoa. Akirudi na daftari lake, Bibie ameshakunywa ameshiba, wala hajiumi.

Wiki ilipokwisha, mtafiti akatangaza kwa unyonge kuwa inaonekana kadi haikuwa na kazi. Baba watoto akasema basi mambo ya makaratasi yaishe. Nikaona huruma yangu inamnyang'anya mwanangu kinywa. Nikaingiza mkono kifuani, nikaiweka mezani kadi yangu ya boksi ikiwa imelowa jasho.

Mtafiti alisema nimemharibia kazi. Nilimwambia kazi itatengenezeka, mkono mpya wa mwanangu hauuzwi. Sikuomba radhi, na kwako siombi.

Akafungua ukurasa mpya wa daftari, akasema ipo njia isiyoondoa kitu: tutafute mahali ambapo kadi haijawahi kufika, tutazame, halafu tuipeleke. Akauliza Bibie bado anajiuma wapi. Mama, ilibidi niseme kweli. Nilisema kwako.

Tunakuja Jumamosi, na mtafiti wetu. Aliomba wiki ya kutazama. Nimempa siku mbili, na hizo nimekubali kwa sababu huko hakuna alichopewa mtoto akanyang'anywa. Siku hizo fanya kama kawaida yako. Baada ya hapo nitaweka kadi karibu na ndoo yako ya maji. Bibie akikuletea, usicheke, usiniite, usiulize kama siku hizi maji yanaombwa kwa picha. Mpe. Na asiiondoe mtu, hata wewe.

Msalimie Baba, mwambie aniwekee kiti kizuri. Nitakuja nimechoka, ila sitakuja kubembeleza.

Ni mimi mwanao mbishi, uliyemzaa mwenyewe,

Mama Bibie