Jezi Upande wa Tramu

Mujukuu wangu David,

Salamu toka Schaerbeek, huku ng'ambo. Sisi wote tuko wazima, na mama yako ameshazoea kazi ya hospitali. Unaniuliza kama ufiche jezi, sababu timu yetu ya Uingereza ilibeba kombe na sasa inafungwa kila wiki, na wenzako huko Lubumbashi wanakucheka.

Ufiche nini? Nikiwa msichana Bukavu, timu ya mtaa wetu nayo ilibeba kombe, kisha msimu uliofuata ikapigwa na kila muntu. Mimi ndiye nilikuwa nafua jezi. Wachezaji wakaniomba nizianike nyuma ya nyumba. Nikazianika mbele, barabarani. Jumapili wakazivaa pale pale, watu wakicheka, wakaenda kufungwa tena, vichwa juu.

Bon. Jezi yangu ya timu yetu ya Uingereza nimeifua leo. Iko kwenye balkoni, upande wa barabara inapopita tramu.

Koko wako