Bugenvilia ya Ukutani kwa Devota

Jumatatu, 13 Januari
Nimemwagilia bugenvilia asubuhi, bidon zote tatu nilimoipanda. Majani tu. Imepanda kamba mpaka kwenye mabati, imenona, na hakuna hata ua moja. Mama amekaa mlangoni anaiangalia. Ile ya nyumbani kwetu Djugu ilifunika lango lote kwa wekundu. Siku ya kukimbia vita hatukugeuka kuitazama.

Hapa Bunia, kwa dada yangu Devota, napanda ndani ya bidon, madumu ya plastiki yaliyokatwa. Shemeji amekataza kuchimba uwanja wake. Nimechoka kukaa kwa watu, hata wakiwa watu wangu.

Alhamisi, 23 Januari
Niliongeza mbolea ya mbuzi. Upumbavu. Majani yamezidi. Devota amepita, amecheka: "Mudogo yangu, weye unalima sombe?"

Ati kisamvu! Nikaendelea kumwagilia. Tunakula chakula chake.

Jumatano, 29 Januari
Nimefikiri. Ile ya nyumbani hakuna aliyeimwagilia. Ilisimama kwenye changarawe, juani kutwa nzima. Hii naidekeza, tena kivulini.

Nimeburuta bidon mpaka ukuta wa mbele unaopigwa na jua. Nimekata matawi marefu. Mbolea basi. Maji, mpaka udongo ukauke kabisa. Mgongo unaniuma. Devota aliangalia tu.

Jumatano, 5 Februari
Majani yamelegea. Mama anasema naiua. Usiku nilitaka kutoka na kopo la maji. Nikajizuia.

Jumapili, 16 Februari
Ncha za matawi zimekuwa nyekundu! Mama ameziona kabla yangu. Ameniita kwa sauti ambayo sijaisikia tangu tufike hapa.

Jumatatu, 24 Februari
Ukuta mzima umewaka. Wapita njia wanasimama.

Wanawake wa kwaya walikuja kumsalimia Devota. Wakasifu. Akasema, "Ni mikono yangu." Mimi nilikuwa hapo hapo, nawapa chai. Hakunitazama. Nilimimina chai, nikaingia ndani, nikauma kitenge changu nisilie.

Ijumaa, 28 Februari
Nimerudi kutoka sokoni, ukuta mtupu. Bidon zote tatu Devota amezipeleka parokia. Zawadi yake kwa kanisa.

"Uliuliza nani?" nikamwambia.

"Niulize nani? Bidon iko ya bwana yangu. Udongo iko yetu. Weye ulikuja na nini hapa?"

Kweli, nilikuja na Mama mgongoni na kitenge kimoja. Anajua. Alitufungulia mlango mwenyewe, akalia siku ile. Leo amenitupia hilo usoni.

Mama alisikia yote. Akaomba tu asogezwe kitandani. Kiti chake kinaelekea ukuta ule mtupu.

Namchukia dada yangu. Naandika hivyo hivyo.

Jumapili, 2 Machi
Misa ya asubuhi. Bugenvilia iko pande zote mbili za altare. Padri alimshukuru Devota kwa jina, watu wakapiga makofi. Mama hakupiga. Wala mimi.

Wakati wa kupeana amani, Devota alinyoosha mkono. Aliunyoosha macho yakiwa chini. Niliushika, nikauachia.

Tulipotoka, Mama alitafuta mtu wa kumwegemea. Nilikuwa karibu zaidi. Lakini alishika mkono wa Devota. "Polepole, mama," Devota akamwambia. Wakateremka barabarani wawili, vumbi likiwafuata. Nilibeba viatu vya Mama, alivyovua mlangoni, nikatembea nyuma yao.