Nilisema Naona

Mtaa wa Msimbazi, Kariakoo
Dar es Salaam
21 Januari 1979

Dada Hyasinta,

Shikamoo. Kabla hujaendelea, funga mlango. Usimsomee mtu barua hii, hata mama, na ukimaliza itie motoni. Natumaini hamjambo nyote na homa ya Agnesi imepoa. Mimi mwili mzima, ila usingizi sina.

Unakumbuka nilikuandikia habari za Bwana Ravindra, mwenye duka la dawa, aliyenipangisha chumba. Tangu tuamriwe kuzima taa kwa sababu ya vita, Kariakoo ina nyota kama kwetu Ndanda. Baada ya chakula cha jioni tulikuwa tunapanda juu ya paa kutazama nyota moja nyekundu, ambayo mwanga wake huongezeka na kupungua. Kazi yenyewe ni kuilinganisha na jirani zake wawili wasiobadilika: mwanga wake umemkaribia yupi? Kila mtu huamua lake bila kumwambia mwenzake. Kamla, mkewe, alitutania kwamba tungeikodolea macho hivyo foleni ya sukari, labda ingesogea.

Mwezi huu Bwana Ravindra aliniambia nyota imeanza kufifia. Nikaiona ikififia, dada, jioni baada ya jioni, hata nikaihurumia. Kisha akacheka, akasema alinidanganya makusudi. Yeye, na rafiki yake wa Tanga asiyejua hila hiyo, waliiona ikizidi kung'aa. Wala sikubuni, macho yangu yalipokea nilichoambiwa. Nilifurahi kama mtoto, nikajiuliza ni mangapi mengine nimeyaona hivyo: ukali wa mkuu wangu wa kazi bandarini, labda hata uzuri wa Sofia, msichana ninayempenda.

Jibu limekuja vibaya. Majirani walianza kunong'ona kwamba Mhindi yule anamulikia ndege za adui. Tochi tunayo kweli, tumeifunga kitambaa chekundu ili isituumize macho gizani. Juzi mjumbe wetu wa nyumba kumi, Mzee Awadhi, aliniita akaniuliza, "Kijana, yule humulika upande wa bandari, sivyo?" Papo hapo ikanijia picha ya tochi ikielekea bandarini. Nikajibu, "Naona alimulika."

Nilimaanisha nadhani. Mzee akaandika kwamba nimeona kwa macho, na jioni ile polisi wakamchukua Bwana Ravindra.

Lakini sijamwambia mtu hili: nilipoulizwa, ile tochi niliiona kweli. Jana mchana nimepanda tena. Upande wa bandari kuna ukuta wa tangi la maji unaonizidi kimo. Hakuna cha kumulika. Picha ile ililetwa na swali.

Kamla bado ananiwekea chai mlangoni, hajui ni mimi. Nitamwambia leo. Kesho asubuhi nakwenda kituoni kuyafuta maneno yangu, ingawa watauliza nami nilifuata nini juu ya paa.

Msalimie mama, mwambie nipo salama. Usiniandikie ofisini, andika kwa Paskalina, fundi cherehani wa mtaa wa Gerezani, naye atanifikishia. Nisipojibu, njoo mwenyewe. Uliza duka la dawa la Ravindra, wote wanalijua. Ukilikuta limefungwa, nenda kituoni, uwatajie majina yetu yote mawili.

Mdogo wako,
Vitalis