Acha Alie, Bibi

Mama yangu kipenzi,

Shikamoo. Hapa Bankstown tu wazima, ila baridi ya huku ughaibuni inakuingia mpaka kwenye meno. Mjukuu wako Juma ana mafua, analia kutwa.

Mlango wa pili anakaa bibi wa Kihindi, Bibi Amrit. Huniletea chapati za moto zilizopakwa samli. Lakini kila Juma akilia, anamziba mdomo kwa kiganja. Jana niliusukuma ule mkono nikafoka, "Bibi, utaniulia mtoto!" Mke wa mwanawe akanivuta pembeni.

"Usimkasirikie, dada. Waingereza walipoondoka kwetu, nchi ilikatwa mbili, majirani wakachinjana. Yeye alikuwa mdogo. Walijificha kwenye shamba la miwa na mama yake na mdogo wake mchanga wa kiume. Wenye mapanga wakawa wanapita, mtoto akaanza kulia, mama akamziba mdomo. Walipokwisha kupita, mtoto amekufa."

Mama, mimi shuleni uhuru nilifundishwa ni bendera na nyimbo.

Leo Juma alipoanza kulia, nilimweka mapajani mwa Bibi, nikamshika Bibi mikono. Nikamwambia kwa Kiingereza changu cha kuokoteza, "Acha alie, Bibi. Hapa hakuna anayetutafuta." Juma akalia mpaka akalala. Bibi naye akalia, kwa sauti.

Ukiomba dua, mtaje na yule mtoto wa kwenye miwa. Nibusie wadogo zangu, na wakipiga kelele uani, waache tu.

Mwanao,
Zuhura