Aliyekuja Alhamisi

S.L.P. 2817,
Dodoma.
12 Mei 2024

Dada mpendwa Mwanawetu,

Assalaam alaykum. U hali gani, na mgongo je? Maji yameshatoka mashambani huko Mbwera? Mimi mzima, ila mabega yananiuma kwa kubeba mitungi ya gesi ya maabara, na vumbi la huku sijalizoea.

Nimeandika kwa sababu simu unaiweka sauti kubwa, na Semeni yupo karibu. Soma peke yako.

Ni habari ya marehemu kaka yetu Saadi. Yale maji ya jicho polisi waliyochukua Ijumaa, alipookotwa kwenye mikoko, yaliletwa hapa hapa kazini kwangu. Sabra, mpimaji wetu, alinieleza majibu yaliporudi polisi.

Anasema mtu akifa, kuna kitu huongezeka ndani ya jicho kila saa, mabaki ya vijenzi vya chembe za mwili. Wakikipima, sehemu yake hupotea njiani. Kwa hiyo hukitilia pacha wake wa kiwandani, kwa kiasi wanachokijua. Pacha akipotea nusu, na mwenyewe kapotea nusu. Wanafanana kwa kila kitu, hata mwenendo. Ila pacha ni mzito zaidi, na mashine huwatenga kwa uzito tu.

Nikamwuliza, "Hamkosei?"

"Saa chache tunaweza kukosea, kaka. Siku nzima, hapana. Alhamisi haikumkuta hai."

Dada, Semeni alitusimulia msibani kwamba Alhamisi mchana mumewe alirudi kutoka dago, kambi yao ya kuvulia kamba. Alikula wali. Alipokaa kitandani, kitanda kikalia. Akamtania, "Mume wangu, huko dago mnakula mawe?" Tulicheka katikati ya kilio. Sasa sicheki. Kitanda kile Saadi alikilalia miaka yote, hakikulia.

Eda tumeihesabu tangu Ijumaa, kumbe alikufa kabla; muulizeni shehe. Lakini kubwa ni lile uliloniambia juzi, kwamba hodi inabishwa tena mchana kwa sauti ya Saadi, na Semeni anataka kufungua. Najua mwenye eda hatoki nyumbani. Mwambie shehe ni hofu, atatoa ruhusa. Mpeleke Chumbi kwa shangazi Tatu leo leo.

Na kama huyo abishaye hodi ameshaingia kabla barua hii haijafika, usimtazame sura. Sikiliza kitanda.

Nisalimie mumeo Ismaily, na shangazi. Semeni naye msalimie, usimwambie kwa nini nimeandika. Mola awafunike kwa sitara yake.

Nduguyo akupendaye,
Mwinyimvua