Ile Udongo ya Kichuguu Ilikuwa Shauri Yangu

Baba Ilunga, bwana yangu,

Usicheke. Ni miye mwenyewe naandika, na mukono yangu, hakuna karani. Kwa foyer, kule tunajifunza kushona, masista banatufundisha na herufi. Miezi ine imepita tangu tulikuzika. Monpère, padri yetu, anasema mufu anahitaji misa, hahitaji barua. Misa nimeomba. Barua pia naandika, juu kuna musamaha sikukuomba miaka yote, na ni juu ya ile udongo ya kichuguu.

Unakumbuka mwaka yetu ya kwanza hapa Élisabethville? Ulikuwa umepata kazi ya bustani kwa muzungu. Majani ya mbele ya nyumba yake, ile ya kukatwa fupi-fupi, ilikuwa na bipara sawa kichwa ya ndugu yako mukubwa. Ulirudi na huzuni. Nani alifungua kinywa? Miye! "Weka udongo ya kichuguu. Kwetu maboga inaota pale munene sawa hii tumbo yangu." Nilikuwa na mimba ya mutoto yetu Ilunga, na ulinisikiliza sawa muntu anasikiliza daktari. Siku mbili ulisukuma pusupusu, ukamwaga udongo ya kichuguu juu ya majani yote.

Lakini shamba ya maboga tunailima kila mwaka, jembe inafungua udongo. Majani ya muzungu nani anailima? Inakanyagwa tu. Na kichuguu, ayo mama, njo udongo tunafinyangia matofali! Jua ya mbele ya mvua ikaichoma, ikakuwa sakafu. Ukimwagilia, maji inakimbilia barabara. Muzungu akasema: mvua ikifika na maji ikisimama juu, unarudi mugini, kwa kijiji yenu. Na kazi ikipotea, kibali ya kukaa mu mji inapotea, nyumba ya mu cité, mutaa ya bantu beusi, pia.

Akaleta pipa ya chuma yenye misumari, ya kusukuma juu ya majani itoboe udongo. Asubuhi nzima uliisukuma. Matobo ilikuwa midogo, na uzito ya pipa ikashindilia udongo zaidi. Akaleta uma ya bustani ya meno ine: unakanyaga, unatikisa, unachomoa. Afazali ile, lakini udongo ilisogea tu pembeni, kesho yake matobo ikajifunga. Tukikula bukari ukaniambia: "Mama, kuichoma tu haifai. Hii udongo inafaa itoke nje."

Ukakata bipande ine ya bomba ya shaba yenye kutupwa, ukanoa midomo yake, ukaifunga kwa ubao ya kukanyagia na mupini murefu. Ya kwanza ilikunjika, sababu udongo ilikuwa kavu. Basi ukamwagilia pole-pole siku moja mbele. Jumamosi muchana, bazungu bakiwa bametembea kwa barafiki, nikakuja na tumbo yangu. Ulikanyaga, bomba ikatoka na kipande ya udongo sawa kipande ya muhogo. Miye niliokota bipande, nikafagia muchanga ya mutoni ndani ya matobo.

"Mama, pumzika."

"Pumzika weye, muguu yako inatoka damu!"

Tulicheka sana. Sijapata siku nzuri kuliko ile.

Kisha muzungu akarudi, akaona bustani yake yote matobo. Akapiga kelele: "Nani alikupa akili ya kuleta kichuguu hapa?" Nilisimama pale na ufagio. Ukajibu, "Ni miye peke yangu, Bwana." Akakuita mujinga. Akakuita macaque, nyani, mbele yangu. Nikaangalia chini. Sikusema kitu.

Mvua ikafika, maji ikaingia, na ulibakia mu ile kazi mupaka ugonjwa. Lakini barafiki bakakupa jina: Baba Kichuguu. Kila kikao ya pombe, bicheko. Weye ulicheka nao, miye nikaendelea kukoroga bukari. Haya ilinikula, bwana yangu. Nilikupenda, na nilikuacha peke yako mu ile aibu.

Sasa sikia. Kwa matanga yako, siku ya tatu, barafiki bakaanza tena: "Baba Kichuguu, fundi ya matofali ya muzungu!" Bantu bakacheka na machozi. Nikasimama. Nikasema: "Ile kichuguu ni miye nilimwambia. Yeye hakuwa mujinga. Mujinga ni miye."

Ndugu yako mukubwa akaniangalia, akasema pole-pole: "Mama Ilunga, tunajua. Alituambia ile mwaka yenyewe. Akatuapisha: mukitaka kucheka, mucheke miye. Bibi yangu asisikie hata siku moja kama munajua."

Nilikaa chini, nikalia kuliko siku ya kukuzika. Naomba musamaha, Baba Ilunga. Na nimekasirika pia, usifikiri hapana. Ungeniambia tu, miaka yote ile tungecheka babili.

Lala muzuri.

Bibi yako,
Mama Ilunga